Nyumba ya familia viungani mwa mji: kabla hujahesabu vyumba, tembea mtaa kwanza

Mpita Njia (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila nikipita kwenye nyuzi za watu wanaotafuta nyumba ya familia viungani mwa mji, maswali ni yaleyale. Vyumba vingapi? Jiko likoje? Maegesho yanaingiza magari mangapi? Mtaa wenyewe unaambulia maneno mawili mwishoni: "mtaa umetulia". Umetulia saa ngapi? Dalali amekupeleka saa nne asubuhi siku ya kazi, watu wazima hawapo, watoto wako shuleni, mbwa wamelala. Saa nne asubuhi kila mtaa umetulia.

Msimamo wangu, na niko tayari kubishana: vigae utabandua, jiko utavunja, paa utaezua ukijaliwa. Mteremko wa ardhi, barabara inayopita mbele ya geti na umbali wa kwenda kazini na shuleni utavikuta na utaviacha. Basi hivyo vikaguliwe kwanza, vyumba vihesabiwe baadaye.

Nianze na maji. Nenda mvua inaponyesha au mara tu inapokatika, na usiwe na haraka ya kuingia ndani. Simama nje uangalie maji ya paa yanaelekea wapi. Ardhi inayozunguka nyumba inatakiwa iinamie nje, maji yaukimbie msingi. Kanuni za ujenzi zinazotumika sana Marekani zinataka ishuke walau sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza, na hicho ni kipimo cha kutembea nacho popote. Halafu tazama kama barabara iko juu ya kiwanja au chini yake. Barabara ambayo kila ikikarabatiwa humwagiwa tabaka jipya juu ya lile la zamani hupanda taratibu, nyumba inabaki bondeni bila kuhama, na maji ya mtaa mzima yanaanza kuuliza njia kwako.

Kwenye kuta angalia chini, usawa wa goti. Rangi iliyotoka malengelenge, unga mweupe wa chumvi unaobaki kidoleni ukiupangusa, plasta inayotoa sauti ya uwazi ukiigonga kwa kifundo cha kidole: hapo unyevu unapanda ukutani kutoka ardhini. Ukikuta ukuta una rangi ya zamani juu na rangi mpya kabisa kuanzia magotini kushuka chini, muulize muuzaji kwa upole kulikoni.

Sasa barabara. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa mipango miji, Donald Appleyard, alichunguza mitaa mitatu ya San Francisco iliyofanana kwa mengi isipokuwa wingi wa magari. Mmoja ulipitiwa na magari kama 2,000 kwa siku, wa pili 8,000, wa tatu 16,000. Waliokaa kwenye mtaa wa magari machache walikuwa na wastani wa marafiki 3.0 palepale mtaani na watu 6.3 wa kujuana nao. Kwenye mtaa wa magari mengi marafiki walikuwa 0.9 na wa kujuana 3.1. Yaani rafiki mzima hakupatikana! Alipowataka waonyeshe kwenye ramani eneo wanaloliona ni kwao, wa mtaa mtulivu walizungushia mtaa, na wa mtaa wa magari walikomea kwenye jengo lao. Nyumba zilikuwa za namna moja. Appleyard mwenyewe alifariki mwaka 1982 kwa kugongwa na gari la mwendo kasi mjini Athens.

Kwa hiyo ukienda kuona nyumba, soma barabara. Upana wake unatosha magari matatu kupishana? Imenyooka mpaka macho yanachoka? Basi watu wataikanyagia hata kama pana kibao cha mwendo. Kuna alama nyeusi za breki karibu na kona? Ukuta wa nyumba ya kona umezibwa upya kwa tofali za rangi nyingine? Hizo ni taarifa za bure. Mwaka 2020 Azimio la Stockholm la usalama barabarani lilitaka kilomita 30 kwa saa iwe ndiyo kikomo mahali ambapo watu na magari wanachanganyika, kwa sababu binadamu anayegongwa kwa mwendo huo ana nafasi nzuri ya kupona. Swali la mnunuzi ni kama umbo la barabara linamlazimisha dereva kwenda mwendo huo au linamwachia dhamiri yake.

Umbali nitausema kwa kifupi. Cesare Marchetti, mwanafizikia wa Italia, aliandika mwaka 1994 kwamba watu wa zama na nchi tofauti hutumia takriban saa moja kwa siku kwa safari, kwenda na kurudi. Usafiri ukiwa wa kasi zaidi, muda hauokolewi, watu wanahamia mbali zaidi. Viunga vya miji vimekua kwa mtindo huo, kwanza kwa reli, kisha kwa gari. Basi pima kwa dakika, tena kwa saa ile utakayokuwa unatoka kweli. Kilomita kwenye tangazo la nyumba hazina maana yoyote.

Karibuni mchangie.

Fundi Jamvi

Mkuu Mpita Njia, umeandika vizuri ila mimi nakupinga kidogo. Mtaa mzuri na nyumba inayotitia, utakaa barazani kupiga soga na jirani huku ukuta unafunguka nyuma yako. Miaka yote kazi yangu ni misingi na sakafu, na naona watu wanaogopa nyufa zisizo na shida na kuzipuuza zenye shida.

Ufa mwembamba wa plasta, unaokwenda ovyo kama ramani ya mito, mara nyingi ni plasta kukauka haraka. Puti na rangi vinamaliza. Ufa wa kuogopa unaanzia pembe ya dirisha au mlango, unapanda kwa ngazi ukifuata maungio ya tofali, na ni mpana juu kuliko chini au kinyume chake. Huo unakuambia upande mmoja wa nyumba unashuka. Taasisi ya utafiti wa majengo ya Uingereza iliweka madaraja ambayo mafundi wengi wanayatumia: mpaka milimita 5 kwa kawaida ni suala la mwonekano na milango kukaza, 5 mpaka 15 milango na madirisha yanagoma na mabomba yanaweza kukatika, kupita 15 unazungumzia kubomoa na kujenga upya vipande vya ukuta. Ila upana peke yake hautoshi. Ufa wa milimita 4 uliosimama ni bora kuliko wa milimita 2 unaokua.

Unajuaje unakua? Chukua penseli, weka alama pale ufa unapoishia na uandike tarehe pembeni. Kama muuzaji anakuruhusu kurudi baada ya wiki kadhaa, rudi. Na ukikuta mtu mwingine tayari aliandika tarehe kwa penseli na ufa umezipita, umeshapata jibu.

Sakafu: weka gololi katikati ya chumba, usiisukume. Ikitulia, vizuri. Ikianza kutembea, ifuate, itakupeleka upande unaotitia. Rudia chumba cha pili. Zikielekea kona moja ya nyumba, toka nje ukaangalie kona hiyo ina nini. Mara nyingi utakuta gata imevunjika na maji ya paa yanadondokea palepale, au kuna mti mkubwa umepandwa karibu mno na msingi.

Udongo wa mfinyanzi ndio mchawi mkuu. Unavimba ukinywa maji, unasinyaa ukikauka, na mti unaunyonya upande mmoja zaidi ya mwingine. Nyumba inainuliwa na kushushwa kila msimu. Usikate mti mzee kwa pupa pia, maana udongo uliokuwa unanyonywa utarudi kuvimba na nyumba itainuka.

Na mwisho, panda darini na tochi. Wanaokagua hawapandi. Kenchi zilizopinda, mbao zenye vumbi laini la wadudu, mwanga wa jua unaopenya kwenye matundu ya misumari, vyote viko hukohuko juu.

Mpita Njia

Fundi, hapo kwenye gololi umenipa kitu. Sikatai ukaguzi wa nyumba, nabishania utaratibu. Ufa unaweza kuutia kwenye mazungumzo ya bei na ukauziba. Magari 16,000 kwa siku utamwambia muuzaji apunguze bei kiasi gani?

Halafu ona mwenyewe: gata, mti, udongo, mteremko. Nusu ya ugonjwa wa nyumba ulioutaja unatoka nje ya kuta.

Fundi Jamvi

Hahaha. Haya, umenikamata hapo. Tuendelee.

Mama Pacha

Kaka Mpita Njia, asante kwa uzi. Nina watoto wawili wa umri wa kuendesha baiskeli na akili ya kusimama barabarani bado hawana. Naambiwa nitafute nyumba kwenye barabara isiyotokea, ile inayoingia na kufia ndani, eti ndiyo salama. Ni kweli au ni maneno ya madalali?

Mpita Njia

Dada Mama Pacha, ni kweli nusu, na nusu ya pili ndiyo madalali hawaisemi.

Wazo hilo lilipata umaarufu Radburn, New Jersey, mwaka 1929. Wasanifu Clarence Stein na Henry Wright walitaka mji wa zama za gari ambao mtoto anaweza kwenda shule bila kukanyaga barabara ya magari. Wakapanga nyumba kuzunguka vibarabara vifupi vinavyofia ndani. Gari linaingia upande wa jikoni, ukumbi na vyumba vya kulala vinatazama bustani, na nyuma ya nyumba kuna njia za miguu zinazoungana mpaka kwenye bustani kubwa ya pamoja. Pale njia ya miguu ilipokutana na barabara walichimba kivuko chini kwa chini. Mdororo wa uchumi ukaja mwaka uleule, kampuni iliyojenga ikafilisika, na mji haukukamilika.

Waliofuata wakachukua kipande kilichokuwa rahisi. Barabara zinazofia ndani zikaenea kwenye viunga vya nchi nyingi, lakini njia za miguu na bustani zikaachwa kwa sababu zinakula viwanja vya kuuza. Matokeo yake ni kwamba mtoto yuko salama mbele ya geti lake, lakini rafiki yake ambaye ukuta wake wa nyuma unagusana na wenu, ili amfikie inabidi atoke mpaka barabara kubwa inayokusanya magari ya vibarabara vyote, atembee pembeni yake, kisha aingie kibarabara cha pili. Unaishia kumpeleka kwa gari mita mia mbili.

Kwa hiyo ukipata barabara isiyotokea, uliza swali moja: kwa gari haitokei, kwa miguu je? Kama mwisho wake kuna kichochoro cha kupita mtu na baiskeli, hiyo ni nyumba ya kuifikiria sana. Kama mwisho ni ukuta wa mtu, tembea kwa miguu kutoka mlangoni mpaka shuleni ukiwa umeshika mkono wa mtoto mmojawapo, ndipo uamue.

Kuna njia nyingine ya kupata utulivu bila kuziba barabara. Delft, Uholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1960, walianza kuondoa ukingo unaotenganisha njia ya miguu na barabara, wakaweka miti, vyungu vya maua na viti katikati ya njia mpaka dereva mwenyewe akajiona mgeni. Sheria ya nchi ikaitambua mitaa ya namna hiyo mwaka 1976. Gari linapita, ila linapita kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Msoma Ramani

Wakuu, naomba niongeze historia maana bila hiyo hatuelewi kwa nini viunga vingi duniani vinafanana, nyumba moja kiwanja kimoja, duka hakuna mpaka uwashe gari.

Mwingereza Ebenezer Howard, ambaye kazi yake ilikuwa kunukuu mijadala ya Bunge kwa hatimkato, alitoa mwaka 1898 wazo la miji ya bustani: watu watoke kwenye msongamano wa London wakaishi kwenye miji midogo yenye kazi zake, mashamba yake na nyumba zenye bustani. Letchworth ikaanza kujengwa 1903. Angalieni, kwake kazi na viwanda vilikuwa humohumo mjini. Hakupendekeza mahali pa kulala tu.

Mahali pa kulala palikuja na reli. Kampuni ya Metropolitan Railway ilikuwa na ardhi kando ya njia yake kaskazini-magharibi mwa London, na kuanzia 1915 ikazitangaza sehemu hizo kwa jina la Metro-land: nunua nyumba yenye bustani, panda treni yetu kwenda kazini. Nauli na kiwanja mfuko mmoja. Biashara safi.

Marekani ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Mwaka 1926 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, kwenye kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, ilihalalisha miji kugawa ardhi kwa matumizi: hapa nyumba za familia moja, pale ghorofa, kule biashara. Hukumu yenyewe iliyaita majengo ya ghorofa za kupangisha vimelea vinavyojinufaisha na mazingira mazuri ya nyumba za familia. Majaji wazima! Toka hapo, sehemu kubwa ya ardhi ya makazi kwenye miji mingi ya Marekani iliandikiwa nyumba ya familia moja tu, na duka la kona likawa kosa la kisheria.

Halafu Levittown. Mwaka 1947 kampuni ya Levitt ilianza kujenga kwenye mashamba ya viazi ya Long Island, New York, na kufikia 1951 zilisimama nyumba 17,447. Ujenzi ulikatwa vipande kama kiwandani: kikundi kimoja kinamwaga jamvi, yaani zege la sakafu, kingine kinasimamisha kuta, kingine rangi nyeupe tu, kingine rangi ya kijani tu, wanahama nyumba hadi nyumba. Kasi ilifika nyumba 30 kwa siku. Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, kama mita za mraba 70, na darini paliachwa bila kumaliziwa ili familia ikiongezeka wajiongezee vyumba wenyewe. Hilo la dari mimi nalisifu hadharani. Nyumba inayokua na watoto ni akili kuliko nyumba unayoinunua kubwa leo ukitegemea watoto watakaozaliwa.

Lisilosifika ni kwamba mikataba ya mwanzo ilikataza nyumba kukaliwa na mtu asiye mweupe. Mwaka 1948 Mahakama Kuu iliamua kwamba masharti ya namna hiyo hayawezi kutekelezwa na mahakama, lakini kampuni iliendelea kubagua. Familia ya kwanza ya Weusi kuhamia Levittown nyingine ya kampuni hiyo, ile ya Pennsylvania, akina Myers, mwaka 1957, ilikuta umati mlangoni na madirisha yakapigwa mawe. Kwa hiyo mtu akikwambia "mtaa wa watu wa aina moja, hauna mchanganyiko", ujue maneno hayo yana historia ndefu, na haikuwa mambo ya kawaida ya soko tu.

Siku hizi upepo umeanza kugeuka. Auckland, New Zealand, mwaka 2016 iliruhusu ujenzi wa msongamano zaidi kwenye takriban robo tatu ya ardhi yake ya makazi. Minneapolis mwaka 2018 ilipitisha mpango wa kuruhusu nyumba za familia mpaka tatu kwenye kiwanja kilichokuwa cha familia moja. Mnunuzi hili linakuhusu moja kwa moja: uliza sheria za matumizi ya ardhi mtaani zinaruhusu nini kesho. Je, jirani anaweza kusimamisha ghorofa tatu kuangalia uani kwako? Na wewe je, watoto wakikua au mzazi akizeeka, unaruhusiwa kujenga nyumba ndogo nyuma ya ile kubwa?

Geti la Kijani

Msoma Ramani, nyumba ndogo nyuma ya ile kubwa?? Wengine tunasoma uzi huu wake zetu wakiwa pembeni. Andika "banda la uani" mkuu, utatuvunjia ndoa.

Msoma Ramani

Hahaha, banda la uani basi. Samahani kwa shemeji.

Mzee wa Kona

Vijana, nimewasoma. Nimekaa nyumba ya kona muda mrefu, niongeze mambo yanayomkuta mtu baada ya kuhamia, maana kununua ni siku moja na kukaa ni miaka.

La kwanza ni jua. Karibu na Ikweta kuta zinazotazama mashariki na magharibi ndizo zinazopikwa, hivyo nyumba ndefu iliyolala mashariki-magharibi, madirisha makubwa yakiwa kaskazini na kusini, ina nafuu. Ukiwa mbali na Ikweta hesabu inageuka, unalitaka jua la baridi liingie sebuleni, kwa hiyo kaskazini ya dunia wanatafuta ukumbi unaotazama kusini, na kusini ya dunia kinyume chake. Chumba cha mtoto upande wa magharibi kwenye nchi ya joto ni adhabu. Anaingia kulala ukuta bado unatoa joto la saa kumi.

La pili kelele. Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Ulaya, mwaka 2018 lilipendekeza kelele za barabara usiku zisizidi wastani wa desibeli 45. Kipimo hicho kinadanganya macho: kuongezeka kwa desibeli 10 sikio linasikia kama mara mbili. Siku hizi simu inapima, si kwa usahihi wa maabara lakini inatosha kulinganisha nyumba na nyumba. Pima ndani, dirisha likiwa wazi, usiku. Na usijifariji na mstari mmoja wa miti. Unaficha barabara, hauzuii sauti yake.

La tatu majirani na miti. Kwenye nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza, kesi ya Lemmon na Webb, ya miaka ya 1890, iliweka kanuni: tawi la jirani likivuka mpaka una haki ya kulikata mpaka kwenye mstari wa mpaka, hata bila kumwarifu, mradi huingii kwake. Haki ni jambo moja. Jirani utakutana naye kesho asubuhi na keshokutwa. Piga hodi kwanza. Na jua kwamba tawi ulilokata na matunda yaliyo juu yake bado ni mali yake, hilo nalo mahakama ya Uingereza ilishaliamua mwaka 1919. Mimi nimeona watu wazima wawili wakiacha kusalimiana kwa ajili ya maembe ambayo hakuna kati yao aliyekuwa anayala.

Kabla ya yote hayo, tafuteni mawe ya mpaka. Yashikeni kwa mikono. Ukuta wa fensi si mpaka, ni mahali ambapo mtu fulani aliamua kujenga fensi.

Mama Pacha

Shikamoo Mzee wa Kona. Nimefaidika.

Sasa wakuu nisaidieni, nina nyumba mbili mezani. Ya kwanza ina vyumba vinne, kiwanja kikubwa, nyumba imenyooka kabisa, ila iko kwenye barabara inayounganisha mitaa miwili na asubuhi magari yanaitumia kukwepa foleni. Ya pili vyumba vitatu, barabara inafia ndani na mwisho wake kuna kichochoro cha miguu, shule ni kama mita 300. Tatizo la ya pili, kiwanja kiko chini ya barabara kidogo. Mume wangu anataka ya kwanza kwa sababu ya vyumba.

Mpita Njia

Dada, kuhusu mita 300: mpangaji wa New York, Clarence Perry, mwaka 1929 alipendekeza mtaa upimwe kwa mtoto wa shule ya msingi, asitembee zaidi ya robo maili au nusu maili hivi na asivuke barabara kubwa. Robo maili ni kama mita 400. Nyumba yako ya pili iko ndani ya kipimo hicho kikali. Hiyo ni miaka mingi ya asubuhi ambazo hutaendesha gari, na pacha wakishakua kidogo watakwenda wenyewe.

Nyumba ya kwanza, usiishie kwenye magari ya leo. Barabara inayotumika kukwepa foleni hutazamwa na wapanuzi wa barabara. Nenda ofisi ya mipango miji uombe kuona ramani ya eneo na hifadhi ya barabara, uone mstari unapita wapi ukilinganisha na geti lako. Kiwanja kikubwa kinaweza kuwa kikubwa kwa sababu sehemu yake si yako.

Nyumba ya pili, kila kitu kinategemea hilo neno "kidogo". Chini ya barabara kwa sentimita ngapi? Kuna mtaro kati ya barabara na geti? Ukifika mwisho wa mtaro umetokea mahali au umezibwa? Jamvi la nyumba liko juu ya uso wa barabara au chini yake? Kiwanja kikiwa chini lakini jamvi likawa juu, na mtaro unatoka, hiyo ni kazi ya kuchonga mteremko na kuweka mfereji wenye kichujio mbele ya geti, inafanyika. Jamvi likiwa chini ya barabara, achana nayo, hata kama shule iko ukuta kwa ukuta. Waulize wapangaji wa nyumba za jirani kuhusu mvua, usiwaulize wenye nyumba. Mwenye nyumba analinda thamani ya mtaa.

Vyumba: vitatu vyenye nafasi ya kuongeza uani, kama sheria inaruhusu, ni vinne vya baadaye. Mwambie shemeji.

Fundi Jamvi

Mama Pacha, kabla hujamwambia mzee: hiyo ya pili maji taka yanakwenda wapi? Kama mtaa hauna bomba la pamoja, nyumba ina shimo lake, na kiwanja kilicho chini ya barabara ndicho ambacho shimo hujaa maji ya ardhini wakati wa mvua.

Fungua chemba zote, anza ya karibu na nyumba mpaka ya mwisho. Mwombe mtu avute maji chooni nawe usimame kwenye chemba. Yakipita mara moja, sawa. Yakipanda kwanza ndipo yashuke, kuna mzibo mbele au shimo limejaa. Shimo la kawaida la familia hunyonywa kila miaka 3 mpaka 5, linalohitaji gari la kunyonya kila mvua halifyonzi tena. Kama kuna kisima, cha kwako au cha jirani, pima kwa futi kamba umbali wake na shimo. Miongozo mingi inataka mita 15 mpaka 30.

Na usipouona mfuniko wa shimo popote, tazama maegesho. Kuna watu wanamwaga zege juu yake ili uwanja upendeze. Muulize muuzaji mara ya mwisho gari la kunyonya liliingiza mpira wapi.